Barua ya wazi kwa Komanda wa kambi yetu ya wakimbizi, Uganda: wodi ya wazazi inahitaji mkalimani

Mheshimiwa Komanda,

Salamu kwako na kwa wote wa ofisini. Barua zangu za nyuma zilikufikia, maana nilimwona karani akizipiga mhuri. Labda mhuri ndio ulikuwa jibu.

Jumanne mama mmoja aliyekimbia Kivu, huko Kongo, alikwenda kituo cha afya, mjamzito, anatoka damu. Nesi anajua Kinyankole na Kiingereza. Mama anajua Kiswahili. Akafasiri mwanawe wa darasa la tatu, kwa Kiingereza cha shule. Nesi akauliza damu imeanza lini, ni nyingi kiasi gani. Mtoto akainamisha kichwa, akamwambia mama yake: "Anauliza kama tumbo linauma." Linauma, ndiyo. Wakampa Panadol, wakamrudisha nyumbani. Usiku alirudishwa kwa boda. Yeye yu hai, mimba imetoka. Yule mtoto aliniambia, "Niliona haya, mama." Simlaumu, na nesi pia simlaumu.

Kazi hiyo ya kufasiri ilikuwa yangu, Mheshimiwa. Marekani ilipofunga mifereji ya misaada Januari 2025, tuliletewa ujumbe kwenye simu kwamba mradi umekwisha, turudishe vitambulisho. Wengine wanasema pesa zipo, zimekwama mahali. Mimi sijui, mimi si mhasibu. Mei mwaka huohuo WFP, shirika la chakula la Umoja wa Mataifa, ikaondoa wakimbizi karibu milioni moja kwenye mgao wa chakula, na mimi nimo. Nadhani kwenye orodha bado nasomeka kama mtu mwenye mshahara. Basi mshahara sina na mahindi sina, ila kwenye kompyuta ya mtu fulani najitegemea vizuri sana. Binti yangu mkubwa ameacha sekondari, analima vibarua kwa wenyeji.

Hata hivyo watu waliendelea kunigongea mlango usiku, nami nilikwenda bila malipo, mpaka mlinzi aliponizuia getini: huna kitambulisho, huingii. Ndiyo maana Jumanne sikuwepo.

Uganda imetupokea, zaidi ya watu milioni 1.8, na sheria yake ya 2006 inaturuhusu kufanya kazi na kutembea tupendako. Tunashukuru, kweli. Nashangaa tu kwamba naweza kutembea hadi Kampala lakini siwezi kuvuka geti la wodi.

Siku ya Wakimbizi Duniani, mbele ya wageni na soda zao, ulishika kipaza sauti ukaahidi kwamba akina mama hawataachwa. Tulipiga makofi. Mimi nilikuwa nakufasiria.

Naomba mkalimani mmoja, wodi ya wazazi tu. Kama fedha hakuna, mshahara tuuache. Niandikie karatasi ya kumwonyesha mlinzi, uigonge mhuri uleule. Karatasi tu, Mheshimiwa, na iwe wiki hii.

Wako mtiifu,
Mkalimani wa zamani, wodi ya wazazi