Kadi Iliyoandikwa Jina la Babu

Mtoni, Temeke
Dar es Salaam
Julai

Mwanaidi shoga yangu,

Salaam nyingi sana. Sisi huku hatujambo. Sabasaba imepita na foleni ya Barabara ya Kilwa imerudi kuwa ile yetu ya kila siku. Barua yako niliipata kwa mkono wa mwanao, na unga wa muhogo umefika mkavu kabisa, ahsante.

Umeniomba mawazo kuhusu maonesho yenu ya kijiji kabla ya Nane Nane. Mimi na kilimo wapi na wapi, unanijua, hata mchicha wa kwenye ndoo hunifia. Ila nina mtaalamu ndani ya nyumba. Mama mkubwa yuko kwangu tangu Pasaka, kaja kutibiwa macho. Macho yana mtoto wa jicho, lakini ulimi hauna tatizo lolote, na nilipomsomea barua yako akacheka mpaka akakohoa. "Maonesho? Sisi tulionesha enzi za Mwingereza!"

Basi akaanza. Wakati huo ni binti mdogo kule Mgeta, milimani Uluguru, na ndiye aliyembebea bibi kapu la karoti. Walitoka nyumbani alfajiri, umande umewalowesha mpaka magotini, wakateremka hadi uwanja wa baraza. Pale zilikuwa zimepangwa meza za kuazima na kamba imezungushwa, raia nyuma ya kamba, waamuzi ndani. Bwana Shamba na daftari lake, DC na kofia yake, mke wa DC kwenye meza ya kazi za mikono. Jumbe naye yupo, kavaa koti siku hiyo.

Sasa sikiliza mambo ya karoti. Bibi alikuwa amechagua zile kubwa kuliko zote shambani, akazisugua mtoni kwa nyasi mpaka zikang'aa. Nani asingeamini kwamba kubwa ndiyo bora? Bwana Shamba akazipita kama hazipo. Akasimama kwenye karoti tano za wastani, zote urefu mmoja, unene mmoja, akaivunja moja katikati, akaangalia kiini, akanusa, akaandika. Zikashinda hizo. Mashindano ya mboga ndivyo yanavyohukumiwa, mlingano kwanza, ukubwa baadaye, na anayejua hilo huchagua karoti zake kwa kamba ya kupimia. Tatizo ni kwamba hakuna aliyewaambia. Kina bibi walirudi nyumbani wakiamini mshindi kapendelewa kwa kuwa ni mpishi wa misheni, na maneno hayo, anasema mama mkubwa, yaliishi kijijini miaka.

Kwenye nyungo ikawa kituko kingine. Mke wa DC aliuinua kila ungo juani kutafuta matundu, akapapasa ukingo, akachagua wenye nakshi nyekundu. Hakuna aliyepeta nao hata kisahani kimoja cha mtama! Ungo wenyewe ulikuwa mzito na umekaa bapa, ukipeta pumba zinabaki na nafaka inakwenda kwa kuku. Wanawake wote nyuma ya kamba walijua.

Lakini kwenye mikeka yule mama alijua kazi, tumpe haki yake. Aliugeuza mkeka wa bibi chini juu, akafuata kwa kidole mshono wa ukili baada ya ukili, akakuta nyuma ni safi kama mbele. Nambari moja. Jembe jipya na shilingi tano. Bibi akaitwa? Hakuitwa. Karani akasoma kadi, na kadi ilikuwa na jina la babu, maana ndilo lililokuwa kwenye daftari la kodi. Babu, ambaye hakuwahi kushika sindano ya kushonea ukili maisha yake yote, akapita mbele, akapeana mkono na DC, akapigiwa makofi. Jembe lilifika nyumbani. Shilingi zilipitia kilabuni.

Nawe Mluguru mwenzangu unajua kichekesho kilivyo. Hata lile shamba la karoti lilikuwa la ukoo wa bibi, limetoka kwa mama yake na mama wa mama yake. Babu alikuwa pale kwa ndoa. Serikali iliyokuja kutuonesha maendeleo ilishindwa kuona mwenye shamba ni nani.

Nikamuuliza, sasa mlikwenda kufuata nini? Akanishangaa. Kwake jibu liko wazi: pale ndipo palikuwa mahali pekee ambapo watu walikusanyika kutazama kazi ya mikono ya mwanamke na kuijadili, mzuri huu, mbaya ule. Nyumbani mkeka unalaliwa tu.

Nakwambia haya yote kwa sababu huyo Bwana Shamba wa kutoa zawadi ndiye huyohuyo wa kutoa amri. Ule mpango wa serikali wa kuzuia mmomonyoko wa ardhi ya Uluguru ulianza 1950, kila mtu achimbe matuta ya ngazi kwenye mteremko, asiyechimba atozwe faini. Mgeta ngazi zilikubalika, kwa kuwa kulikuwa na mboga za kuzilipia jasho. Matombo, upande mwingine wa milima, udongo wa juu ulifukiwa, wa chini hauna rutuba, mahindi yakagoma, na 1955 watu wakachoka, ikawa ghasia mpaka damu ikamwagika. Mpango ukafa. Ukishinda kwa kabichi leo na kesho ukakamatwa kwa ngazi, utaipokeaje ile kadi?

Na usidhani walianza Waingereza. Wajerumani walipanga maonesho ya koloni zima hapahapa Dar es Salaam, Agosti 1914, wakisherehekea reli ya kati iliyofika Kigoma mwaka huohuo. Manowari yao Königsberg ilikwishafika bandarini tangu Juni, wageni wanaingia, mji umepambwa. Vita vya Kwanza vya Dunia vikawahi. Tarehe 8 Agosti manowari ya Kiingereza Astraea ikaupiga mizinga mtambo wa simu ya upepo. Nane Nane ya namna yake, hiyo! Reli ilitandikwa na mikono ya Waafrika, ila sherehe iliandaliwa kuwavutia walowezi na wenye mitaji.

Kwa hiyo ukitaka mawazo yangu, ni haya. Masharti ya ushindi muyasome kwa sauti wiki kadhaa kabla, kanisani, msikitini na kisimani, mwamuzi anataka nini kwenye karoti, kwenye mayai, kwenye mkeka. Nyungo zipetwe mbele ya watu, vyungu vipikiwe, matenga yajazwe nyanya yanyanyuliwe. Waamuzi wawe wanaotumia hivyo vitu. Meza ya muhogo na mbegu za kienyeji iwe ya mbele, msiiweke uani kama mlivyozoea kuwaficha wageni maskini (samahani, lakini mwaka jana nililiona banda lenu). Na Bwana Shamba wenu akishahukumu aeleze, hata kama atazomewa kidogo.

Kamba msifunge. Watoto watakula karoti mbili tatu, haidhuru.

Mama mkubwa anasema mkeka wa ushindani usitumie rangi za dukani peke yake, na ukili uwe mwembamba. Anataka pia kuja mwenyewe. Daktari akimruhusu tutapanda treni ya umeme, nawe ututafutie usafiri wa kutoka stesheni, maana bodaboda na mtu wa rika lake siafiki, ingawa yeye anaitamani.

Kadi za washindi nitazichapisha mimi, kuna kijana Kariakoo anafanya kwa bei nzuri. Nitumie orodha ya washiriki mapema. Kila mwanamke aandike jina lake mwenyewe, la baba na la ukoo, tena kwa herufi kubwa. Yule mwenyekiti wenu akikuambia inatosha kuandika "Mama Fulani" au "mke wa Fulani", mwambie mchapishaji wa Dar kakataa.

Wasalimie wote nyumbani, mpe pole mama kwa mguu.

Akupendaye,
Tatu