Barua ya wazi kwa Waziri wa Kilimo: meli ya mbolea ikipatwa na dhoruba, nasi wa Makambako tuambiwe

Mheshimiwa Waziri wa Kilimo,

Shikamoo. Kamwene, kama tunavyosalimiana huku kwetu.

Nakuandikia kutoka Makambako, mkoani Njombe, pale barabara ya Songea inapoachana na barabara kuu iendayo Mbeya. Nina duka dogo la pembejeo. Stoo yangu, nikiipanga vizuri, inaingia mifuko mia mbili ya kilo 50. Wateja wangu wanalima ekari moja, mbili, wachache ekari tano. Barua yangu inahusu meli. Najua ni jambo la ajabu kidogo mtu wa milimani, aliye zaidi ya kilomita 600 kutoka bandarini, kukuandikia habari za bahari. Lakini DAP (mbolea ya kupandia, yenye fosforasi) na urea (ya kukuzia, yenye naitrojeni) ninazouza, nyingi zimevuka bahari kabla ya kupanda mlima Kitonga, na yaliyozipata huko yanatufikia hapa dukani.

Tarehe 8 Julai 2024 meli iitwayo Ultra Galaxy, yenye bendera ya Panama, ililala ubavu katika bahari chafu nje ya pwani ya magharibi ya Afrika Kusini. Ilitoka Malaga, Hispania, imebeba mbolea, na ilikuwa inakuja Dar es Salaam. Mabaharia wake 18, wote Wafilipino, walilazimika kuiacha wakaingia kwenye chelezo cha kuokolea, na meli ya uvuvi ikawachukua wakiwa hai. Namshukuru Mungu kwa hilo kabla ya jambo lolote. Kesho yake meli ilitupwa ufukweni. Bahari iliendelea kuipiga hadi ikakatika vipande, mafuta yakamwagika mchangani, na shehena ikapotea.

Mbolea ya kuja kwetu, Mheshimiwa. Nami nilizipata habari hizo miezi kadhaa baadaye, mwanangu aliponionesha picha kwenye simu: chombo kirefu chekundu kwa chini, kimelala kama ng'ombe aliyechoka, mawimbi yanapita juu yake. Nilimuuliza ilikuwa inakwenda wapi. Akanisomea: Dar es Salaam. Nilikaa kimya kwa muda.

Sidai kwamba mifuko niliyoikosa msimu ule ndiyo iliyolala kule ufukweni. Ninachodai ni kwamba hakuna mtu katika mnyororo mzima, kuanzia bandarini hadi mlangoni kwangu, aliyeona kwamba habari ile ilinihusu.

Tazama kalenda yetu. Huku mvua ni moja, inaanza Novemba na kuendelea hadi Aprili. Mahindi yanapandwa mvua zinapotulia, na DAP inatakiwa iwe tayari vijijini mwezi wa kumi. Ili iwe vijijini mwezi wa kumi, lazima iwe baharini kuanzia mwezi wa sita hadi wa nane. Na hiyo ndiyo miezi ya kipupwe kule kusini kabisa mwa Afrika, bahari ya Rasi ya Tumaini Jema inapokuwa mbaya kuliko miezi mingine. Zamani meli nyingi kutoka Ulaya zilikwepa huko kwa kupita Mfereji wa Suez. Tangu Wahouthi wa Yemen walipoanza kushambulia meli katika Bahari ya Shamu mwishoni mwa mwaka 2023, kampuni nyingi ziligeuza njia na kuzunguka Rasi. Wiki ileile ya Ultra Galaxy, tarehe 9 Julai, meli kubwa ya makontena, CMA CGM Benjamin Franklin, ilipoteza makontena 44 katika bahari hiyohiyo. Baraza la Usafiri wa Meli Duniani lilihesabu makontena 576 yaliyoanguka baharini mwaka 2024 duniani kote, na kama 200 kati ya hayo yalianguka eneo la Rasi. Mwaka uliotangulia dunia nzima ilipoteza 221.

Kwa hiyo dhoruba ya Rasi si bahati mbaya ya siku moja. Iko kwenye njia ya mbolea yetu, katika miezi yetu.

Sasa nikueleze yaliyonikuta dukani. Mwezi wa kumi nilimlipa mfanyabiashara ninayechukulia mzigo. Simtaji jina, kwa sababu sina nia ya kumshitaki. Akaniambia mzigo uko baharini. Wiki ya pili, mzigo uko baharini. Wiki ya nne, meli imechelewa. Nikimuuliza meli gani, imetoka lini, ina tani ngapi, ananijibu, "Kaka, hata mimi naambiwa hivyohivyo." Nami nikawa nasema hivyohivyo kwa wateja wangu. Alikuja mama mmoja kutoka upande wa Wanging'ombe, amepanda bodaboda asubuhi na mapema, pesa amezifunga kwenye pindo la kitenge. Alikuja mara tatu. Mara ya tatu hakuuliza tena. Alisimama mlangoni, akaangalia stoo tupu nyuma yangu, akasema, "Haya mwanangu, mimi napanda, mvua hainisubiri." Akapanda bila kitu.

Wewe unajua maana ya kupanda bila DAP, lakini naandika barua ya wazi, na wengine watakaoisoma hawajui. Fosforasi haitembei kwenye udongo. Inakaa pale ulipoiweka, ndiyo maana mkulima anaweka kizibo cha soda cha mbolea kwenye shimo, anafukia kidogo, kisha mbegu juu. Mahindi yakishaota, huwezi kurudi mwezi wa kwanza ukanyunyizia juu ukategemea yatakunywa. Naitrojeni inavumilia kuchelewa, utaweka urea yakifika magotini. Fosforasi ikikosekana siku ya kupanda, imekosekana. Na udongo wetu mwekundu huku, wenye tindikali, unaishika hata hiyo kidogo iliyopo. Nilipita shambani kwa yule mama mwezi wa kwanza. Majani ya mahindi yake yalikuwa na rangi ya zambarau pembeni, mashina membamba kama kalamu. Alikuwa anapalilia. Hakunilaumu, na hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Kama ningejua mwezi wa nane kwamba mzigo una mashaka, ningefanya nini? Ningefanya mengi. Ningeagiza mbolea ya Minjingu, inayochimbwa hapahapa nchini, mkoani Manyara, na ambayo inafaa hasa kwenye udongo wenye tindikali kama wetu. Ningewaambia wateja wakusanye samadi mapema, maana samadi haiandaliwi kwa wiki moja. Yule mama angepanda nusu ekari kwa mbolea ya kutosha, na nusu iliyobaki angeweka maharage au viazi. Uamuzi wa namna hiyo unataka miezi miwili. Nilichopewa ni maneno "mzigo uko baharini" hadi siku mvua iliponyesha.

Kuna jambo la pili, na hili linanisumbua kwa sababu linagusa mikono yangu mwenyewe. Si kila meli iliyopigwa na dhoruba inazama. Nyingi zinafika. Lakini mawimbi yakipita juu ya sitaha siku tatu mfululizo, maji hutafuta upenyo kwenye mifuniko ya ngama, yaani tumbo la meli linalobeba shehena, na urea haikai na maji. Hata bila bahari kuingia, meli ikitoka kwenye baridi na kuingia kwenye joto, ngama inatoa jasho, na matone yanadondokea shehena. Urea inavuta unyevu, inayeyuka juu juu, kisha inaganda. Inapofika gatini imekuwa mabonge. Sehemu ya juu ya lundo inaweza kuwa mbovu na ya chini ikawa nzima. Hapo ndipo uaminifu unapopimwa: je, iliyolowa itatengwa, au itapondwapondwa na kuchanganywa na nzima?

Nimewahi kupokea mifuko ya urea ambayo kwa nje ni mipya kabisa, uzi wa kushonea mweupe. Nilipoufungua wa kwanza nilikuta donge moja, gumu kama jiwe la chumvi ya ng'ombe. Nililivunja kwa mchi kwenye sakafu ya stoo na likanirukia usoni. Mteja hawezi kupima donge kwa kizibo cha soda. Akiweka vipande vikubwa shimoni, mbegu inaungua. Akiweka vumbi, haijulikani ameweka kiasi gani. Kwenye ule mfuko hapakuwa na alama yoyote ya kunieleza mbolea ililowa wapi, kama ilipimwa, wala kama naitrojeni iliyoandikwa nje, asilimia 46, bado imo ndani. Niliuza mitatu kwa bei ya chini huku nikimweleza kila mnunuzi, mingine nikaibeba kama hasara yangu.

Na hasara ya bahari, Mheshimiwa, ina tabia ya kuteremka hadi kwa aliye chini. Mwenye meli ana kinga ya zamani: kanuni za kimataifa za The Hague za mwaka 1924 zinamwondolea dhamana pale shehena inapoharibiwa na hatari za bahari, almradi alikuwa ametimiza wajibu wake wa kuiandaa meli vizuri. Mwagizaji mkubwa ana bima ya shehena. Bima inamrudishia pesa. Haimrudishii yule mama msimu. Fidia ikilipwa mwezi wa pili ni pesa nzuri kwa aliyekata bima, lakini mwezi wa pili mahindi yameshabeba.

Mabaharia wenyewe wameshalielewa jambo la kutoa habari. Tangu tarehe 1 Januari 2026, kwa marekebisho ya mkataba wa kimataifa wa usalama wa maisha baharini, nahodha akipoteza kontena anatakiwa kutoa taarifa mara moja kwa meli zilizo karibu, kwa nchi ya pwani iliyo jirani na kwa nchi ambayo bendera yake anaipeperusha. Kontena moja tu likianguka, kuna watu wanaoambiwa kwa lazima, kwa sababu likielea usiku linaweza kuua. Naliona ni jambo jema sana. Naomba tu mnyororo huo wa habari usiishie baharini. Uje hadi nchi kavu, upande mlima.

Njia ya kuuleta ipo, na ninyi ndio mliijenga. Ruzuku ya mbolea ilipozinduliwa Mbeya siku ya Nane Nane, tarehe 8 Agosti 2022, wakulima wetu waliandikishwa, kila mmoja kwa namba yake, na simu zao zimo kwenye mfumo. Sisi mawakala tumesajiliwa. Ninachokuomba ni kwamba kila meli ya mbolea inayokuja nchini itangazwe hadharani: jina lake, imebeba mbolea gani, tani ngapi, imetoka wapi, inatarajiwa lini. Ikichelewa, tarehe ibadilishwe mbele ya macho ya wote. Ikipatwa na dhoruba, ikazama au ikaharibika, tuambiwe ndani ya wiki hiyohiyo kwa ujumbe mfupi wa simu, kwa Kiswahili, mkulima na wakala kwa pamoja. Na shehena iliyolowa ipimwe kabla haijatiwa kwenye mifuko. Ikionekana bado inafaa, mfuko uwe na alama inayosomeka kwamba mbolea hii iliguswa na maji na imepimwa. Ikiwa haifai, isifike huku kabisa.

Nimeshasikia hoja kwamba kutangaza upungufu kutaleta taharuki, watu wataficha mbolea na bei itapanda. Nimeifikiria sana, kwa sababu na mimi ni mfanyabiashara. Ukweli ni kwamba wakubwa wanajua tayari. Aliyeagiza meli anajua meli yake iko wapi saa hii; anaifuatilia kwenye simu kama unavyofuatilia basi. Anayetaka kuficha mbolea ameshaificha kabla sisi hatujapata fununu. Asiyejua ni wakala wa mwisho na mkulima, na kutojua kwetu hakujawahi kuzuia bei kupanda. Kumemnufaisha tu anayejua peke yake.

Kwenye mlango wa duka langu kuna ubao mweusi ambao kila asubuhi naandika kwa chaki bei ya siku. Nimeshaugawa katikati kwa mstari. Upande wa kushoto ni bei. Upande wa kulia nimeandika juu neno MELI, na chini yake pako wazi. Watu wananiuliza pale patakuwa na nini. Nimewajibu kwamba nimekuandikia, na tarehe za mwezi wa sita zinakaribia.

Wako mtiifu,

Wakala wa pembejeo,
Makambako, Njombe