KUH: GESI YA HAIDROJENI SALFAIDI KUTOKA KITUO CHENU CHA UMEME WA JOTOARDHI

Kwa Meneja wa Kituo,

Tumeisoma taarifa yenu ya ubora wa hewa, inayosema hewa yetu ni salama. Hesabu hatuzibishii, tunabisha mahali na wakati wa kupima. Kipima gesi chenu kiko langoni, juu kilimani, na wastani mnaotoa ni wa mwezi mzima. Gesi hii ni nzito kuliko hewa kwa karibu asilimia 18. Mchana jua hupasha ardhi, hewa hupanda na kuitawanya. Usiku ardhi ikipoa na upepo ukitulia, gesi hushuka na kutuama bondeni hadi asubuhi, na bondeni ndiko tunakoishi. Wastani wa mwezi humeza kila usiku mbaya.

Inakotoka mnajua. Mvuke ukishazungusha tabo (mapanga yanayoendesha jenereta) hugeuka maji kwenye kondensa (chombo cha kupozea mvuke), na gesi zisizogeuka hufyonzwa na kutolewa kwa feni za minara ya kupozea. Feni zikizimwa kwa matengenezo, hakuna tena hewa ya moto ya kuzibeba juu.

Mnatuambia harufu ikipotea hatari imekwisha. Si kweli hata kidogo. Pua hunusa yai viza gesi ikiwa chini mno ya sehemu moja kwa milioni, lakini ikikaribia sehemu 100 kwa milioni, uwezo wa kunusa hupooza. Kabla ya hapo macho huwasha, kichwa huuma, wenye pumu hubanwa kifua. Na barakoa mlizogawa ni za vumbi; gesi hupita.

Shirika la Afya Duniani linapendekeza wastani wa saa 24 usizidi mikrogramu 150 kwa mita ya ujazo; kuepuka kero ya harufu, 7 kwa wastani wa dakika 30. Tupimeni kwa vigezo hivyo.

Tunataka vipima vitatu bondeni, mita 1.5 kutoka ardhini, virekodi usiku na mchana pamoja na upepo, na vihakikiwe kwa gesi ya kipimo kinachojulikana mbele ya mwakilishi wetu. Kisima cha mvuke kikifunguliwa kujaribiwa au feni zikizimwa, tuarifiwe saa 48 kabla. Na msiseme gesi haizuiliki: kituo cha jotoardhi cha Hellisheiði, Iceland, huiyeyusha majini na kuirudisha kwenye miamba ya basalti (miamba ya volkano) chini ya ardhi tangu 2014. Kama miamba yenu haifai, ipo mitambo ya kuigeuza kuwa salfa ngumu.

Tunasubiri jibu la maandishi ndani ya siku 14, likiambatana na takwimu ghafi za kila saa za miezi 12 iliyopita.

Kamati ya Wakazi
Nakala: Mamlaka ya Mazingira; Afisa Afya