Barua ya wazi kwa Waziri wa Kilimo: mbegu ya mpunga ipimwe mpaka ndani ya punje

Mheshimiwa Waziri wa Kilimo, Viwanda vya Mifugo na Uvuvi,
Entebbe.

Mheshimiwa,

Baada ya salamu na heshima zote unazostahili, naomba kukufikishia ombi moja kuhusu namna nchi yetu inavyoidhinisha mbegu mpya za mpunga. Ninaendesha mashine ya kukoboa mpunga wilayani Butaleja, mashariki mwa Uganda, si mbali na skimu ya umwagiliaji ya Doho, kwa hiyo mpunga hunifikia ukiwa umekwisha kupita mikononi mwa mtafiti, mkulima na mchuuzi, na lolote lililoharibika njiani huja nalo ndani ya gunia.

Ombi lenyewe ni kwamba aina mpya ya mpunga isiidhinishwe kwa kuangalia mavuno, magonjwa na uvumilivu wa ukame au mafuriko peke yake. Ipimwe pia kiasi cha kadimi na aseniki, elementi mbili zenye sumu zilizomo udongoni, kinachoingia katika punje yake inapolimwa kwenye udongo wetu, na matokeo yachapishwe kwenye maelezo yale yale ya mbegu tunayogawiwa sisi wa huku chini, ambayo kwa kawaida hutueleza magunia kwa ekari na siku za kukomaa, kisha yakanyamaza.

Siandiki kwa kuwadharau watafiti wa mazao wa kituo cha Namulonge. Mpunga wa NERICA, uliopatikana kwa kuzalishanisha mpunga wa Asia na ule wa asili wa Afrika Magharibi, kazi iliyomfanya Monty Jones wa Sierra Leone atunukiwe Tuzo ya Chakula Duniani mwaka 2004, uliwafikia wakulima wetu kupitia kituo hicho, na watu ambao hawakuwahi kumiliki jaruba wakaanza kulima mpunga nchi kavu kama wanavyolima mahindi. Vivyo hivyo kwa kimyanga, ule ugonjwa wa virusi unaoligeuza shamba kuwa la manjano, ambao kwa mara ya kwanza ulitambuliwa upande wa Kenya wa Ziwa Victoria mwaka 1966. Mpunga uitwao Gigante, wa Msumbiji, una badiliko dogo katika jeni moja, nalo linatosha kuvinyima virusi protini ambayo vinaitegemea ili vizaliane. Virusi navyo hujibadilisha na kuuvuka ukinzani huo, ndiyo maana kazi ya watafiti haiishi, na bajeti yao haipaswi kukatwa kila mwaka wa fedha unapokuwa mgumu.

Mto Manafwa unapofurika, tatizo la Butaleja huwa ni kina cha maji. Mpunga wa kawaida ukizamishwa hurefuka kwa pupa kutafuta hewa, humaliza akiba yake ya sukari, na maji yakishaondoka hulala chini usiinuke tena. Mpunga wenye jeni ya Sub1A hufanya kinyume chake: husimamisha ukuaji, hutunza akiba, na baada ya wiki mbili hivi chini ya maji huendelea ulipoishia. Jeni hiyo ilitoka katika mpunga wa zamani wa Odisha, India, uitwao FR13A, ikaelezwa na wanasayansi mwaka 2006, kisha ikaingizwa katika aina ya Swarna inayopendwa na wakulima wa huko kwa uzalishanishaji wa kawaida unaofuatilia alama za jeni. Nalisisitiza hilo la uzalishanishaji wa kawaida kwa sababu kila linapotajwa neno jeni hapa Uganda, mazungumzo hukimbilia ule muswada wa mazao yaliyobadilishwa jeni, uliopitishwa na Bunge mwaka 2017 na tena mwaka 2018, na mara zote mbili ukarudishwa na Rais bila kutiwa saini. Ugomvi huo una mahali pake, lakini ninachokiomba hakiungojei.

Serikali inataka wakulima waondoke kwenye ardhi oevu wahamie mpunga wa nchi kavu, na maofisa ugani wanawashauri waliobaki katika skimu waache majaruba yakauke kidogo kabla ya kuyajaza tena. Yote mawili yana faida kwa mazingira na kwa maji. Hata hivyo, jaruba linapokauka, kemia ya udongo hubadilika. Udongo uliofunikwa na maji hukosa hewa, na hapo aseniki hulegea na kuingia mizizini kupitia njia zile zile ambazo mpunga huzitumia kufyonza silika. Udongo unapopata hewa, aseniki hukamatwa, lakini kadimi nayo hupata nafasi ya kufyonzwa. Kwa hiyo tunapomtoa mkulima bwawani na kumpeleka kilimani, kama udongo wa kilimani una kadimi tunabadilishana hatari moja kwa nyingine, na hakuna anayeweza kuliona badiliko hilo kwa kuutazama mchele. Mchele mweupe wenye kadimi hunukia vizuri tu jikoni.

Wenzetu wa Asia waliyajua haya kwa gharama kubwa. Kando ya mto Jinzu, mkoani Toyama nchini Japani, maji yaliyochafuliwa na mgodi yalimwagilia mashamba ya mpunga kwa miaka mingi, na watu, wengi wao wanawake wa makamo, wakavunjika mifupa kwa ugonjwa ambao serikali ya huko mwaka 1968 ilikiri kwamba chanzo chake ni kadimi. Guangzhou, nchini China, mwaka 2013 wakaguzi walikuta sampuli 8 kati ya 18 za mchele na bidhaa zake zimevuka kiwango. Japani haikuishia kusafisha udongo. Mwaka 2012 watafiti wake walieleza jinsi walivyozipiga mbegu za mpunga wa Koshihikari kwa miale ya ioni za kaboni na kupata mimea ambayo jeni yake iitwayo OsNRAMP5, mlango mkuu wa kadimi kwenye mizizi, haifanyi kazi, na punje zake karibu hazina kadimi kabisa. Mwaka 2025 mkoa wa Akita ulianza kuwahamishia wakulima wake kwenye aina yenye sifa hiyo. Mlango huo pia hupitisha manganizi, kirutubisho ambacho mmea unakihitaji, kwa hiyo aina kama hiyo haifai kuletwa na kugawiwa bila kujaribiwa kwanza kwenye udongo wetu.

Nasi tuna migodi yetu. Kilembe iliacha milima ya mabaki ya shaba na kobalti juu ya mji wa Kasese, na mto Nyamwamba ulipofurika mwaka 2013 na tena mwaka 2020 ulipita katika bonde hilo hilo kuelekea mashamba ya chini. Simtuhumu mkulima yeyote wa Kasese wala sisemi mchele wao haufai. Nasema bonde kama hilo ndilo la kwanza kuwekwa katika orodha ya mahali pa kujaribia mbegu.

Kuhusu sumukuvu, yaani sumu inayotokana na ukungu wa nafaka, nitasema machache, maana hilo tunalijua sote na linatutia aibu zaidi. Mashineni kwangu, kama kwa wenzangu wengi, mpunga hupimwa ukavu kwa kung'ata punje: ikikatika kwa mlio, ipite, ikibonyea, irudi juani. Jino halioni tofauti ya asilimia 14 na asilimia 17 za unyevu, na ukungu huanzia katikati ya tarakimu hizo. Machi 2021 Kenya iliyazuia mahindi yetu mpakani kwa sababu ya sumu hiyo, na mchele unapita Malaba na Busia kwenye foleni ile ile.

Kwa hiyo, Mheshimiwa, naomba mambo mawili uyapeleke kwa kamati inayoidhinisha mbegu na kwa Shirika la Viwango. Kwanza, majaribio ya kila aina mpya yafanyike katika jaruba lililojaa maji na katika shamba kavu, na punje zake zipimwe kwa vipimo vya Codex, viwango vya kimataifa vya chakula, yaani miligramu 0.4 za kadimi na 0.2 za aseniki isiyo ya kikaboni kwa kilo ya mchele uliokobolewa. Pili, patengwe fungu la kununua vipima unyevu kwa mashine za kukoboa za mashariki, tuvilipie kidogo kidogo kupitia vyama vyetu vya ushirika. Hatuombi vya bure.

Majibu yako, hata yakiwa ya kukataa, nitayabandika ukutani mashineni ili wakulima wayasome wakisubiri zamu zao.

Wako mtiifu,
Mkoboaji mpunga, Butaleja