Faili langu limeliwa na mchwa

Mhariri,

Nimestaafu baada ya miaka 27 masjala, yaani ofisi ya kutunza mafaili. Juzi nilifuata barua yangu ya kuthibitishwa kazini, ofisi moja hapa Dar es Salaam. "Faili halionekani, mzee wangu." Nikachungulia stoo: majalada sakafuni, yamelowa masika, mchwa wanajilia.

Enzi zetu kila barua ilipewa namba ya folio, yaani namba ya mfuatano wake ndani ya jalada. Jalada likitoka, daftarini tuliandika nani kalichukua na lini, hata awe bosi (mabosi ndio waliokuwa wakikalia mafaili!). Sasa naambiwa watanunua kompyuta. Zitaskani nini, matope?

Sheria Namba 3 ya mwaka 2002 imemkabidhi mkuu wa taasisi ya umma jukumu la kutunza kumbukumbu. Basi ashuke ngazi, aione stoo yake.

Karani mstaafu,
Temeke, Dar es Salaam