Barua kwa Leah, kabla shamba la Ihumwa halijauzwa

Nkuhungu, Dodoma
Jumapili, 27 Julai 2025

Mpendwa Leah,

Habari za Manyoni, na za kazi? Sisi huku wazima, ila upepo wa msimu huu umeanza, vumbi linaingia mpaka ndani ya sufuria, na mwanangu mdogo anakohoa wiki ya pili sasa.

Jana nilikwenda Ihumwa kumsalimia mama yenu. Nilimkuta shambani anafunga vitambaa kwenye mizabibu kufukuza ndege, maana zabibu zimeanza kubadilika rangi. Upande wa barabarani nikaona vigingi vinne vipya, vimepakwa rangi nyekundu kichwani. Nikamuuliza. Akanijibu huku mikono yake ikiendelea kufunga: "Leah kasema tuuze, Rehema mdogo wake aende Uingereza kusoma." Hakusema zaidi. Nilichukua vitambaa nikamsaidia mpaka mstari ukaisha, kisha nikaaga. Usiku usingizi haukuja. Nimeona nikuandikie badala ya kupiga simu, kwa sababu kwenye simu ningelia na wewe ungekata ukidhani nimefiwa.

Leah, kuna jambo nimekuficha miaka kumi. Mwaka 2015 niliporudi kutoka India, niliwaambia watu wote kwamba niliugua. Wewe ulikuja mpaka Kibaigwa kuniona, umebeba maziwa ya mgando na machungwa. Sikuwa naumwa. Nilirudi kwa sababu ya ada.

Ilikuwa hivi. Mwaka 2014 wakala wa kupeleka wanafunzi nje alimwonyesha baba yangu barua ya chuo yenye maneno "punguzo la asilimia 50". Ada kamili ilikuwa dola 4,000 kwa mwaka, kwa hiyo tungelipa 2,000. Dola wakati ule ilikuwa kama shilingi 1,660, na baba aliuza ng'ombe na mahindi yake yote ya sokoni, akalipa milioni 3.3, nami nikapanda ndege. Hakuna aliyetuambia kwamba lile punguzo ni la mwaka wa kwanza tu. Lilikuwa limeandikwa kwa herufi ndogo ukurasa wa tatu, na baba hakuwa na wa kumsomea Kiingereza kile. Mimi niliyekijua Kiingereza nilikuwa na miaka 19, nawaza masanduku na picha za kuaga.

Mwaka wa pili ukafika. Ada sasa dola 4,000 kamili. Na shilingi nayo ilikuwa imeshuka vibaya mwaka ule, unakumbuka, dola imefika 2,150 na zaidi. Milioni 3.3 ikawa milioni 8.6. Baba hakuwa amefanya kosa lolote, hakuwa amekunywa pesa wala kuoa mke mwingine, bei ya mahindi tu ndiyo haikupanda kama dola ilivyopanda. Alinitumia alichopata, nusu. Siku ya mtihani nilisimama mlangoni mwa chumba cha mtihani, karani akapitisha kidole kwenye orodha, akafika kwenye jina langu, akatikisa kichwa. Niliwaona wenzangu wanakaa, wanageuza karatasi. Nilisimama pale mpaka mlango ukafungwa. Wiki tatu baadaye nilikuwa Kibaigwa, na baba, marehemu, hakuwahi kunilaumu hata kwa neno moja. Ningependa angenilaumu.

Nakueleza haya kwa sababu mahesabu uliyonitumia juzi kwenye WhatsApp ni yaleyale. Nimekaa nayo jana usiku na kalkuleta. Nimetumia pauni moja kwa shilingi 3,400, na viwango vya Uingereza vya mwezi huu, Julai 2025.

Ada ni pauni 14,000 kwa mwaka, wakala anasema mwaka wa kwanza kuna punguzo la 4,000. Hiyo ni milioni 34. Ukifika kwenye viza, Uingereza inataka ionyeshwe pesa ya kuishi miezi tisa, na nje ya London ni pauni 1,136 kwa mwezi. Jumla 10,224, karibu milioni 35. Kuna malipo ya huduma ya afya, pauni 776 kwa kila mwaka wa viza, na hayalipwi mwaka kwa mwaka, yanalipwa yote kwa mkupuo siku ya kuomba viza. Kwa shahada ya miaka mitatu hayapungui pauni 2,328, yaani milioni 7.9. Viza yenyewe pauni 524, milioni 1.8 hivi. Jumlisha. Ni zaidi ya milioni 78, hapo bado kipimo cha kifua kikuu ambacho lazima akafanyie Dar, bado tiketi, bado koti la baridi. Mnunuzi anatoa milioni 85.

Kwa hiyo shamba lote la mzee, pamoja na mizabibu na kile kisima, ni mwaka mmoja. Septemba ya mwaka wa pili chuo kitataka pauni 14,000 bila punguzo, milioni 47 na laki sita, na Rehema atahitaji kula na kulala tena. Unahitaji shamba jingine kama lile. Na la tatu. Na hayo ni kama pauni itabaki 3,400.

Najua wakala amekwambia atafanya kazi. Ni kweli anaruhusiwa, saa 20 kwa wiki wakati wa masomo. Kwa umri wake kima cha chini cha mshahara kule mwaka huu wa 2025 ni pauni 10 kwa saa. Akipata kazi, na akipata saa zote 20, ni pauni 200 kwa wiki. Hiyo inalipa chumba na chakula kwa kujibana. Ada haiigusi. Na ofisi ya viza haiihesabu kabisa.

Halafu kuna hili, ambalo sidhani wakala alikueleza. Ile pesa ya kuonyesha lazima ikae benki siku 28 mfululizo bila kushuka hata siku moja chini ya kiwango, na lazima iwe kwenye akaunti ya Rehema mwenyewe au ya mzazi, au ya mlezi wa kisheria. Wewe ni dada. Umeniambia mnunuzi ataingiza pesa kwenye akaunti yako ya mshahara. Ingekaa pale siku hata 60, maombi yangekataliwa, na ada ya viza hairudi.

Kuhusu milioni moja na nusu anayoitaka wakala kwa "kufungua faili": usitoe hata shilingi. Vyuo vya Uingereza ndivyo vinavyowalipa mawakala kamisheni kwa kila mwanafunzi wanayempeleka. Ukiomba mwenyewe kupitia UCAS, mfumo wa pamoja wa kuombea vyuo vya Uingereza, machaguo matano kwa pamoja hayafiki pauni 30, haifiki laki moja na elfu kumi. Na siku yoyote mtakapolipa ada, iwe chuo gani, pesa iende kwenye akaunti ya chuo yenye jina la chuo, kwa TT, yaani uhamisho wa benki kwenda benki ya nje, na mwambie mtu wa benki kwamba makato yote mnabeba ninyi watumaji. La sivyo benki za katikati zinamega kidogo, chuo kinapokea pungufu, na barua ya uthibitisho ya kuombea viza haitoki. Mimi lilinipata muhula wa kwanza, dola 25 tu zilinikalisha siku tisa.

Sasa usidhani nasema Rehema asiende. Kidato cha sita PCM, fizikia, kemia na hisabati, pointi saba! Nilipoona matokeo mwezi huu nilipiga kigelegele peke yangu ofisini. Mtoto yule ataondoka, nakuhakikishia. Ninachobishania ni mlango wa kupitia.

Dirisha la udahili liko wazi, na la mkopo wa HESLB, bodi ya mikopo ya wanafunzi, pia. Aombe sayansi ya kompyuta UDOM, hapa Chuo Kikuu cha Dodoma, wiki hii. Ile bodi haitampa mkopo wa kwenda kujilipia nje, lakini hapa anayo nafasi, na mimi ndivyo nilivyomaliza. Januari, kama kawaida, Uturuki inafungua maombi ya Türkiye Bursları, msaada wa masomo wa serikali yao. Kuomba ni bure. Kwa shahada ya kwanza mwombaji awe chini ya miaka 21, na Rehema ana 19. Akipata, analipiwa ada, malazi, mwaka wa kujifunza Kituruki, bima na tiketi, na posho ya kila mwezi. Wanaochaguliwa ni wachache, sikudanganyi, lakini akikosa atakuwa hajapoteza kitu, yuko darasani tayari.

Na asipopata, kuna shahada ya uzamili. Hapo ndipo misaada ya masomo ilipojaa, Leah, kuliko shahada ya kwanza. Msaada wa Chevening wa serikali ya Uingereza unalipa kila kitu kwa mwaka mmoja, na unataka awe amefanya kazi miaka miwili. Ujerumani vyuo vingi vya serikali havitozi ada kabisa hata kwa sisi wa nje, isipokuwa jimbo la Baden-Württemberg na vyuo vichache vingine. Kuna akaunti maalumu wanayotaka iwe na euro 11,904 kwa mwaka, ambayo ni pesa yake mwenyewe anarudishiwa kidogo kidogo kila mwezi, na anayepata msaada wa DAAD, shirika la Ujerumani la kufadhili wanafunzi, hahitaji hata hiyo. Atakuwa na miaka 24 au 25. Mama atakuwa bado na zabibu zake, mavuno mawili kwa mwaka, ambazo zimemsomesha Rehema mpaka hapa alipo.

Naogopa utanikasirikia kwa kuzungumza habari ya mali ya baba yenu, na mimi si ndugu. Kasirika, lakini soma barua hii mara mbili, na ya pili umsomee Rehema. Yeye anakijua Kiingereza. Mpe barua ya chuo, mwambie akuonyeshe kwa kidole mahali panaposema punguzo ni la miaka mingapi.

Mama aliniambia mnunuzi anarudi Ijumaa na mwenyekiti wa mtaa kuandikishana. Nimeomba ruhusa kazini siku hiyo. Nitakuwepo Ihumwa kuanzia asubuhi, lakini mimi siwezi kumzuia mtu kwenye shamba lisilo langu. Neno lako ndilo mama analisubiri. Mpigie kabla ya Alhamisi jioni.

Barua hii naituma na Mama Eliya, anapanda basi la Singida kesho alfajiri. Msalimie shemeji, na umbusu Baraka kwa niaba yangu.

Ni mimi rafiki yako,
Winfrida