Vijiti vya cheche si vya watoto: ushauri wa tarehe 4 Julai

Ndugu Mhariri,

Wikiendi ya tarehe 4 Julai, Siku ya Uhuru wa Marekani, Waswahili wa huku hufanya kama wenyeji: mchana nyama choma, usiku fataki. Maonyo mengi huishia kwenye fataki kubwa. Tunaisahau ile ndogo wanayopewa watoto, kijiti cha waya kinachorusha cheche.

Kijiti kile huwaka kwa joto la karibu nyuzi 1,100 za Selsiasi. Dhahabu huyeyuka kabla ya hapo. Halafu anakabidhiwa mtoto wa miaka mitatu, eti kwa kuwa hakilipuki! Hata kikizimika, waya hubaki wa moto na gizani hauonekani. Ukitupwa kwenye nyasi, anayefuata huukanyaga pekupeku. Wekeni ndoo ya maji karibu, kila kijiti kitumbukizwe mara kinapozimika, upande uliowaka ukitangulia. Mtu mmoja kijiti kimoja, na viatu vya kufunika vidole. Dera pana au mtandio wa poliesta unaopepea haufai kabisa karibu na cheche. Kitambaa hicho huyeyuka kikanata kwenye ngozi.

Za kurusha angani, ulizieni kwanza sheria ya jimbo na ya mji wenu. Massachusetts imezikataza zote kwa watu binafsi, hata vijiti vile, kwa hiyo kununua jimbo jirani la New Hampshire na kuvuka nazo mpaka ni kosa. Zinaporuhusiwa, ziwekwe chini pagumu palipo sawa, ziwashwe kwa kijiti kirefu cha kufuka kama udi, uso usiinamie mtutu. Iliyogoma isiguswe kwa dakika 20, kisha ilowekwe ndooni usiku kucha. Kuiwasha upya ni hatari kwa sababu utambi uliobaki ni mfupi. Hupati muda wa kukimbia.

Kwenye jiko hatuhitaji kufundishwa kuchoma, ila huku wengi tunakaa ghorofani na roshani si uwanja. Majengo mengi hukataza mkaa hapo. Mvua ikinyesha, jiko lisiingizwe ndani wala gereji: kaboni monoksaidi haina harufu, na mkaa unaoonekana umekwisha bado huitoa. Jivu nalo huweza kuhifadhi moto hata siku mbili, kwa hiyo lisimwagwe kwenye pipa la plastiki.

Kuku afike nyuzi 74 katikati ya mnofu, nyama ya kusaga 71, kwa sababu kusaga huwapeleka ndani vijidudu vilivyokuwa juu. Rangi hudanganya; kipimajoto ni cha bei ndogo. Joto la nje likizidi nyuzi 32, chakula kisikae mezani zaidi ya saa moja. Kachumbari yenye mayonezi iwe juu ya barafu.

Lipo pia la wazee na watoto waliotoka Kivu, ambao mlio wa fataki kwao ni mlio wa bunduki. Onyesho la mji hungoja giza, mara nyingi saa tatu usiku kwenda mbele, lakini majirani huanza jioni na hupitiliza saa sita. Waambiwe mapema siku na saa, madirisha yafungwe, feni au televisheni iachwe ikivuma, na mtu mmoja wa nyumbani asiende kutazama, abaki nao.

Msomaji wenu,
Marekani